Siku tisa za msitu na maji: Mikumi, Udzungwa, Nyerere

Kabla ya kuondoka

Nianze na ujinga wangu mwenyewe. Mimi kazini ni mtu wa ekseli, basi na safari ya familia nikaipanga kwa ekseli, safu ya kwanza siku, ya pili hifadhi, ya tatu mnyama na saa ya kumuona. Simba saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kiboko saa nne, yaani kiboko nimempangia saa. Nikaprinti, nikapiga na lamineshen kabisa isiloe. Mama watoto aliisoma akacheka mpaka akakaa chini, na binti yetu wa miaka 12 akauliza, "Baba, na simba wameshapewa kopi yao?"

Kwa nini hizi tatu na sio kaskazini? Kwanza tunaishi Dar na zote zinafikika kwa barabara. Pili zimekaa karibu karibu lakini kila moja unaingia kivyake. Mikumi unazunguka na gari, Udzungwa hakuna barabara ya gari ndani kwahiyo ni mguu tu, Nyerere unapanda boti mto Rufiji. Na zote, ukiacha vilele vya Udzungwa vinavyopanda hadi mita 2,576 pale Luhombero, unazitembelea huku chini bondeni kwenye joto, ambako msitu na mito vimekutana.

Tarehe nilichagua mwisho wa mwezi wa sita kwasababu ndo shule zimefungwa. Kila mtu atakwambia msimu mzuri ni kuanzia wa sita mpaka wa kumi, sawa, ni kweli, ila hakuna aliyeniambia kwamba wa sita na wa kumi ni ndugu wasiofanana. Wa sita masika ndo imetoka, nyasi ziko juu, maji yamebaki kila kishimo na mnyama hana sababu ya kuja pale ulipopaki. Wa tisa na wa kumi vishimo vimekauka, wanabanana kwenye maji machache na wewe unakaa hapohapo unawasubiri. Kama huna mtoto wa shule, nenda wa tisa. Mimi ninaye.

Gari: jamaa mmoja alitaka kunikodisha Noah, akasema bosi hii inafika popote. Dereva tuliyempata, mtu wa Morogoro ambaye tulimwita Babu ingawa hata 50 hajafika, alivyosikia Noah alikaa kimya kwenye simu mpaka nikadhani imekata. Alafu akasema taratibu, "Bosi, Mikumi utafika. Kisaki utafika na kamba." Kisaki ndo kijiji chetu cha kuingilia Nyerere. Tukachukua Land Cruiser, laki tatu kwa siku bila mafuta, iliniuma lakini siku ya sita nilikuja kuipigia saluti.

Vingine vya haraka haraka. Beba kitambulisho cha NIDA maana bila hicho hujathibitisha kuwa Mtanzania na bei ya mgeni sio ya kuchezea. Malipo ya hifadhi ni kwa kontrol namba au kadi, sasa usisubiri ufike getini ndo uanze kutafuta mtandao, weka hela kwenye simu mapema. Nguo za mabaka mabaka za kijeshi acha, raia haruhusiwi kuzivaa, tulimvua mtoto kofia yake akanuna mpaka Kibaha. Na usivae bluu iliyokolea wala nyeusi kwa ajili ya mbung'o. Hili nilimwambia shemeji, kaka yake mama watoto, mara tatu. Narudia, mara tatu.

Siku ya kwanza, Dar mpaka Mikumi

Babu alitangulia na gari Morogoro, sisi tukapanda treni ya SGR, daraja la kawaida 13,000 kwa kichwa, na chini ya masaa mawili uko Moro, mtoto ameganda kwenye skrini inayoonyesha spidi anasubiri ifike 160. Humo ndani shemeji akapigiwa simu na ofisini kwao akajibu kwa sauti ya kariakoo, "Msiwe na wasiwasi, gaidi wetu ameshafika Morogoro, anatusubiri stesheni." Behewa zima likageuka. Alikuwa anamaanisha mtembeza wageni, nyie mnajua watu wa utalii wanavyolitamka, lakini ukishalitamka kwenye treni ujue una maelezo ya kutoa. Mama mmoja alihamisha begi lake.

Moro tukajaza mafuta full tenki na madumu mawili, maana ndani ya hifadhi hamna sheli, tukashika barabara ya Iringa. Mbele ya safari barabara kuu yenyewe inapita katikati ya Mikumi, zaidi ya kilomita 40 hivi malori yanapishana na tembo, matuta kila sehemu na kibao kikubwa kinachoorodhesha mnyama na faini yake kwa dola ukimgonga. Binti alikisoma chote kwa sauti. Babu akapunguza mwendo zaidi, akasema twiga mmoja tu hapo ni gari na nyumba na bado unadaiwa.

Tuliona tembo wanne, pundamilia na nyani wengi kabla hata hatujalipa senti. Ratiba ilikuwa inasema siku ya kwanza wanyama sifuri.

Siku ya pili, Mkata

Saa kumi na mbili getini. Uwanda wa Mkata ndo moyo wa Mikumi, tambarare yenye mibuyu na miti ya mikoche, maji ya masika yanatuama huko na ndo yanalisha majani yanayolisha kila kitu. Mzuri ajabu. Na majani yamefika usawa wa boneti. Unajua kuna kitu humo, unaona masikio ya swala pala yakichezacheza, unaona mgongo wa nyati kama jiwe linalotembea, alafu kimya.

Saa kumi na mbili na nusu nikaangalia ratiba. Simba hakuna. Saa moja hakuna. Saa mbili Babu akasimamisha gari akatuonyesha nyayo barabarani, kubwa, bila alama ya kucha, akasema hizi za alfajiri, kapita hapa mfalme, yuko humu humu kwenye majani anatuangalia. Shemeji, ambaye ni Yanga wa kufa, akasema yeye hajatoa hela yake kuja kumtafuta Simba, aendelee tu kulala.

Kwenye bwawa la viboko ndo nilianza kuelewa. Tulikuta viboko wako kwao, mamba mmoja kajianika mdomo wazi, yangeyange wamesimama juu ya migongo ya viboko kama abiria. Binti akataka tukae. Ratiba ilitoa dakika 20, tukakaa masaa mawili, na katika yale masaa mawili vilikuja vitu ambavyo kwa kuzungukazunguka tusingeviona. Walikuja ngiri na watoto watano mikia juu, akaja kuro dume akasimama majini mpaka magoti, likaja kundi la nyati kama hamsini wakanywa wakaondoka, wakatuachia vumbi na harufu ya zizi. Hatujawasha gari hata mara moja. Mafuta nayo ni hela jamani.

Mchana jua kali hamna kitu, kila mnyama yuko kivulini na wewe tafuta chako. Ila fungeni chakula ndani ya gari na vioo juu. Nyani alichukua mkate mzima wa siagi mkononi kwa mama watoto, akakaa mita tano akaanza kuula akimwangalia usoni.

Siku ya tatu, kuelekea Mang'ula

Siku fupi. Kutoka Mikumi mjini unaacha barabara ya Iringa unakata kushoto, unapita Kidatu penye bwawa la umeme na mto Ruaha Mkuu, unaingia kwenye miwa. Miwa, miwa, miwa, na kulia kwako ukuta wa milima ya Udzungwa umesimama wima kama mtu kauweka. Mimi nilitegemea milima iwe mbali na barabara. Msitu unaanzia pale pale, bustani ya mahindi ya mtu, kibao, msitu.

Tukalala Mang'ula yalipo makao makuu ya hifadhi. Jioni tukatembea kidogo mpaka maporomoko ya Prince Bernhard, ni karibu hata mtoto mdogo anafika, yamepewa jina la yule mwanamfalme wa Uholanzi aliyekuja kufungua hifadhi 1992. Njiani binti akaona kitu kama panya mkubwa chenye pua ndefu inayochezacheza kinachimbua majani makavu. Ni sange. Muongozaji wetu, dada mmoja kijana mwenye sauti ya chini, akatuambia milima hii ina sange wake ambaye sayansi ilimtambua 2008 tu, ana uso wa kijivu, ila yuko juu zaidi kwenye misitu ya ndani, huyu wa hapa ni mwingine. Sange hakuwepo kwenye ratiba. Binti akafungua daftari akaandika namba moja.

Siku ya nne, Sanje

Hii siku naiandika kwa kirefu maana ndo nilienda kwa ajili yake bila kujua.

Maporomoko ya Sanje yanaonekana toka barabarani kama uzi mweupe umening'inia kwenye kijani. Yako matatu, refu kuliko yote linashuka mita 170. Njia inaanzia kituo cha Sanje, dakika chache toka Mang'ula kwa gari, na kwenda kupanda na kurudi unahesabu masaa manne, sisi tulitumia saba. Dada muongozaji mbele, nyuma yetu ranja na bunduki maana humu kuna tembo na nyati pia, ingawa kitu kikubwa vile kinaweza kujificha mita kumi toka ulipo usikione.

Kabla ya kuanza alitukagua. Suruali ndani ya soksi, wote, bila ubishi, kwa ajili ya siafu na kupe. Maji lita mbili kila mtu. Alafu akasema usishike mti usioujua. Shemeji alishika kabla hajamaliza sentensi, sio mti, ni ule mmea unaotambaa wenye maganda ya manyoya ya kahawia. Upupu. Wale mliosoma bweni mnaujua. Mkono mzima ukawaka, dada akamkataza kujikuna, akampaka majivu aliyoyaomba jikoni pale kituoni, na akampa onyo, mkono huo usiguse jicho. Kwa nusu saa Yanga yote ilikuwa kimya.

Msitu wa huku chini sio kama wa kwenye picha za Mikumi. Hamna umbali. Unaona mita ishirini, ukipata bahati thelathini, miti inapanda inapotelea juu, mivule mingine shina lake watu sita hawalizungushii mikono. Jua linaingia vipande vipande. Na makelele! Mimi nilidhani msitu ni kimya. Kuna hondohondo wanapita juu mabawa yanavuma kama mtu anakung'uta shuka, kuna wadudu wanaolia sauti ya grainda, na mto unausikia kila sehemu hata usipouona.

Saa tatu hivi dada akainua mkono tukaganda. Matawi juu yanatikisika. Mbega mwekundu wa Udzungwa, kichwani nywele nyekundu ya moto, haishi sehemu yoyote duniani zaidi ya safu hii ya milima na msitu wa bondeni hapo chini yake. Mimi nikaanza kusogea na simu yangu nipate picha, kila nikisogea wanahamia mti wa mbele. Dada akaniambia kwa upole, "Kaka, ukimfuata anapanda. Ukikaa anashuka." Basi tukakaa chini kwenye magogo. Dakika kumi hamna kitu. Dakika ishirini, wadogo wakaanza kushuka kuchungulia. Dakika arobaini kundi zima liko juu ya vichwa vyetu linakula majani machanga linatudondoshea mabaki, mmoja alimkojolea shemeji begani, akasema sasa imetosha, nirudisheni Dar.

Hapo kwenye magogo ndo alituhadithia habari ya mangabey wa Sanje. 1979 watafiti wako humu humu wanachunguza mbega wakasikia sauti wasiyoijua, kumbe ni aina ya tumbili ambaye hajaandikwa kwenye kitabu chochote, akapewa jina la hapa, Sanje. Watu wa vijijini walikuwa wanamjua siku zote, ila hakuna aliyewauliza. Na ng'ambo kule bondeni kwenye msitu mdogo wa Magombera kuna kinyonga aliyetambuliwa 2009 baada ya nyoka kumtapika mbele ya mtafiti. Binti alicheka mpaka dada akamuonyesha kidole mdomoni. Tumbili wa Sanje wenyewe hatukuwaona, tuliwasikia mara mbili mbali, sauti kama mtu anakohoa na kuguna kwa pamoja, dada akasema wale, alafu basi.

Juu kwenye maporomoko unasimama ukingoni unaona bonde la Kilombero lote, miwa, mashamba ya mpunga, reli ya TAZARA imelala kama mkanda. Ndo nikajua kwanini kule chini pana mpunga na sukari. Maji yote yale yanatoka huku, msitu unayashika unayaachia kidogo kidogo kiangazi kizima. Tukaoga kwenye bwawa la poromoko la katikati, ya baridi hayo, mama watoto aliingia na khanga yake akatoka anaimba.

Viatu: raba za kawaida hazifai, nyayo zikishakuwa laini kwenye mteremko ule wenye unyevu unashuka kwa makalio. Niulizeni mimi.

Siku ya tano, Morogoro

Kurudi tu. Kufua, kuchaji simu na pawabenki, kununua maji katoni tatu, unga, nyanya, mkaa. Mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku toka 2019 kwahiyo tulipanga kila kitu kwenye ndoo na vikapu, na ndoo ni bora zaidi, nyani hafungui ndoo yenye mfuniko wa kubana. Babu akakagua spea tairi mbili. Shemeji akafua shati lake la bluu.

Siku ya sita, Kisaki

Kutoka Moro kwenda Kisaki unazunguka mgongoni kwa milima ya Uluguru, unapita Matombo, Mvuha, unashuka. Sio umbali mrefu, kilomita 150 hivi, lakini sisi tulitoka saa moja asubuhi tukafika usiku. Mpaka Mvuha mambo yalikuwa safi, vumbi, migomba, watoto wanapunga. Baada ya hapo barabara inaingia kwenye udongo mweusi.

Hapa niseme kitu kidogo kuhusu neno. Sisi tunasema mbuga za wanyama, wenyewe wanatusahihisha hifadhi, na wana haki, maana mbuga kwa watu wa zamani ni ile nchi tambarare ya udongo mweusi inayotuama maji, masika uji, kiangazi inapasuka nyufa unaingiza mkono. Nilikuwa nalitumia hilo neno miaka yote bila kulijua. Saa nane mchana mbuga ilijitambulisha yenyewe.

Juu palikuwa pakavu. Babu alishuka akatembea mbele kwa miguu, akachoma fimbo, akarudi akasema pana ngozi tu juu, chini bado uji. Akaweka gia ya nguvu, tukapita theluthi mbili, gari ikakaa. Tairi nne zinazunguka zinatupa matope, na tope lile sio matope ya Dar, linanata kama ugali wa muhogo. Tulikata matawi, tukatandika, tukachimba kwa sufuria la wali, vijana wanne waliokuwa wanatoka shamba wakaacha baiskeli zao wakaingia na majembe wakasukuma kama gari ni la kwao. Masaa matatu na nusu. Walipokea elfu ishirini baada ya kubishana, mkubwa wao akaniambia, "Mzee, ungekuja mwezi ujao ungepita hapa unapiga mluzi." Mwezi mmoja! Shule ingefungwa mwezi mmoja mbele tu.

Nawaza ile Noah.

Kisaki tulilala kwenye gesti karibu na reli. Usiku treni ya mizigo ya TAZARA ikapita kitanda kinatetemeka, reli hiyo ilijengwa 1970 mpaka 1975 na inakatiza ndani ya hifadhi yenyewe, abiria wanakula mahindi ya kuchoma dirishani huku wanaangalia tembo.

Siku ya saba, Matambwe mpaka Tagalala

Nyerere ni kubwa mno, kilomita za mraba 30,893, ilimegwa toka pori la akiba la Selous 2019 ikawa hifadhi ya taifa. Selous mwenyewe alikuwa mwindaji Mwingereza, aliuawa humu humu Beho Beho Januari 1917 kwenye vita ya kwanza na kaburi lake lipo. Kwa ukubwa huo ukijifanya utaimaliza kwa siku mbili unadanganya watoto. Babu alichukua kalamu akakata kwenye ratiba yangu kila kitu akabakiza neno moja, maziwa. Alikuwa anakata juu ya lamineshen kwahiyo haikuandika vizuri, lakini ujumbe ulifika.

Kuanzia getini Matambwe ni miyombo masaa mengi, na kwenye miyombo ndo kwenye mbung'o. Wanafuata gari kwa sababu linatembea ni kubwa na lina joto, wanadhani nyati. Kuna vitambaa vya bluu na vyeusi vimening'inizwa kwenye miti njiani, binti akauliza ni vya nini, ranja tuliyempakia akasema mitego, mbung'o anaipenda bluu anaifuata anakufa na dawa. Gari zima likamgeukia shemeji na shati lake. Alikuwa nao kama kumi mgongoni, na mbung'o haumi kama mbu, anachoma kupitia kitambaa. Alivua shati akakaa na singlendi nyeupe mpaka jioni.

Maziwa yanaanza unaona mivumo, ile miti mirefu kama minazi yenye kitambi katikati, mingine imekufa imesimama majini bila kichwa na kila juu kuna ndege. Tukafika Tagalala. Saa kumi na moja jioni, tukitafuta kempsaiti, ranja akasema simama, zima. Mbele barabarani wamelala vitu nikadhani mbwa wa kijiji. Masikio ya duara makubwa, madoa kama kila mmoja kapakwa rangi na mtoto. Mbwa mwitu, tisa. Wakaamka mmoja mmoja, wakanusana, wakarukiana, wakalia vile vilio vya ajabu kama ndege, alafu kama vile mtu kapuliza filimbi wakaondoka mwendo wa mchakamchaka kwenda kuwinda. Ranja alisema msimu huu wana watoto shimoni mahali, kwahiyo hawaendi mbali, wanarudi kuwatapikia nyama. Mama watoto akasema afadhali hao wanarudi nyumbani.

Mbwa mwitu pia hakuwemo kwenye ekseli, niliona ni adimu nisijipe presha.

Usiku kwenye hema fisi wanalia upande huu, viboko upande ule wanakula majani unasikia kabisa wanavyong'oa. Ukitaka kwenda haja mwamshe ranja, sio mke.

Siku ya nane, boti

Asubuhi Tagalala wakapatikana simba, majike watatu chini ya mti wa kivuli wamejaza matumbo, hawana habari na sisi. Ilikuwa saa tatu na robo. Shemeji alijitahidi kuangalia pembeni, alidumu dakika moja, alafu akaomba darubini.

Mchana tukatokea geti la Mtemere, tukaweka mizigo Mloka, na saa tisa na nusu tukapanda boti mto Rufiji. Kama mna hela ya kitu kimoja tu Nyerere, wekeni hapa. Boti inakuweka usawa wa maji, tembo anayekunywa anakuwa juu yako. Viboko usipowajua wanatisha, nahodha alikuwa hapiti kati ya kiboko na maji ya kina hata siku moja, anazunguka, maana kiboko akishtuka anakimbilia kilindini na wewe usiwe njiani. Mamba wanateleza toka kwenye mchanga bila sauti. Kingo za mto zimetobolewa matundu mamia, nyumba za keremkerem, wanatoka wekundu wa koo na kijani kama confetti za harusi. Tai mlasamaki akachukua samaki mbele yetu, binti aliandika namba 41.

Nahodha ni mtu wa hapo hapo. Alisema zamani mto ulikuwa na tabia yake, unapanda na mvua unashuka na jua, unahama hata njia, na maziwa haya yanajazwa na mto wenyewe ukifura. Saivi juu kule kuna bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, kwahiyo anasema siku nyingine unaamka maji yamepanda na mvua hujaiona. Na mwezi wa nne 2024 mafuriko yalizoa mashamba mpaka Kibiti huko. Hakulalamika wala hakusifia, alikuwa anaangalia fungu la mchanga mbele akasema hili juzi halikuwepo, akakata kona.

Jua likazama kwenye mivumo. Hakuna aliyepiga picha, simu zote zilikuwa zimekufa chaji.

Siku ya tisa, Mloka, Kibiti, Dar

Barabara ya Mloka mpaka Kibiti ni vumbi na mabonde lakini kavu, asante Mungu. Kibiti tumeshika lami Babu kafungua vioo, wote tumechoka, binti anahesabu daftari lake kwa sauti, 46 na hapo swala ameweka kwa aina. Mara shemeji akapiga yowe nyuma. Mbung'o mmoja alikuwa amejificha chini ya siti toka juzi, kamchoma shingoni. Akaanza kumtafuta kwa kofi, anakosa, anakosa, akaniambia bwana shemeji nipe kitu kigumu haraka. Nikafungua droo ya mbele, nikampa ratiba.

Ilimpata mara ya kwanza tu. Lamineshen ni kitu kizuri.